Ukuta Uliopinda kwa Makusudi

Ngoja niwaambie tu mapema, kabla mtu mwingine hajawaonyesha ile video: yule mwanamume aliyeanguka na ukuta, akaamka na simiti kwenye nywele huku kuku akipita katikati ya miguu yake, ni mimi. Na yule mzee wa kanzu aliyekuja kuninusa mdomo mbele ya watu ni baba wa msichana niliyekuwa nataka kuoa. Sikusingiziwa, sikurogwa, hakuna aliyeniponza. Nilijijengea ile aibu mwenyewe, tofali baada ya tofali, na nilikuwa nimechangamka kweli wakati nikiijenga.

Mimi ni mwashi, jina langu Idris, mtoto wa Makina hapo Kibera, Mnubi kwa baba na mama. Kazi zangu nyingi ziko Kawangware, ambako asubuhi naenda kwa miguu na mwiko wangu kwenye mfuko wa nailoni. Sasa, watu wengine jioni wakitoka kazini wanaangalia mpira kwenye simu, wengine wanaangalia wachekeshaji, mimi nilikuwa naangalia kuta. Sijui hizo video zilinipataje. Zilikuwa za bustani za kale za Uingereza, za yale majumba ya mabwana wakubwa huko mashambani kwao: malango ya matofali mekundu yenye tao, nguzo mbili nene, juu ya kila nguzo mpira wa jiwe, na nyuma ya lango ukuta mrefu unaozunguka miti ya matunda, umesimama tangu enzi za wanaume waliokuwa wakivaa nywele za bandia. (Zuhura, huyo msichana ninayemtaja, alikuwa ananiuliza, "Sasa hapo unaona nini, Idi? Si ni ukuta tu?" Nami namwambia angalia vile wamepanga, angalia kila tofali linavyokaa kwa mwenzake. Alikuwa ananiangalia mimi.)

Katika video hizo kulikuwa na ukuta mmoja ambao hata leo nikifumba macho nauona. Haukuwa umenyooka. Ulikuwa unaenda hivi halafu unarudi hivi, kama nyoka anayevuka barabara bila haraka, na yule mtu kwenye video akaeleza kwamba ukuta wa unene wa tofali moja ukiujenga umenyooka, upepo unausukuma unalala, lakini ukiupinda hivyo, kila mpindo unamshika mwenzake, na ukuta unasimama bila nguzo hata moja. Yaani unatumia matofali machache kuliko ukuta ulionyooka wa matofali mawili. Niliiangalia hiyo video mpaka chaji ikaisha.

Basi ikatokea kwamba Mwalimu Beatrice, mama mmoja mwenye shule ya chekechea Kawangware, akapata matofali. Kulikuwa na nyumba ya kizamani huko Lavington, ya enzi za mkoloni, ikabomolewa ili pajengwe maghorofa, na jamaa yake aliyekuwa akifanya kazi pale akamtafutia matofali ya lango na ya ukuta wa bustani. Lori likayamwaga mlangoni kwake. Nilipoyaona moyo wangu ulishtuka. Yalikuwa mekundu, mazito, kingo zimelika kidogo, mengine bado na alama ya kidole gumba cha mtu aliyeyafinyanga ambaye leo ni marehemu wa zamani sana. Yalikuwa ndugu kabisa wa yale ya kwenye simu yangu.

Mwalimu alitaka vitu viwili. Lango zuri la kuingilia shuleni, na ukuta wa kutenganisha uwanja wa watoto na ploti ya jirani yake, Mama Njeri, mwanamke anayeuza githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mlangoni kwake na ambaye ule uzio wa mabati uliooza kati yao alikuwa akiusogeza kidogo kidogo kila mwaka. "Nataka ukuta, Fundi," akaniambia, "ukuta ambao hauwezi kutembea."

Halafu akaniuliza, "Haya matofali yatatosha?"

Niliangalia lile rundo. Mwashi akiangalia rundo anajua. Nilijua kwamba lango lingetosha na ukuta usingetosha, au ukuta ungetosha na lango liwe la mabati, na jibu la mtu mwenye akili lilikuwa neno moja. Mimi nikasema, "Yatatosha, Mwalimu, na mengine yatabaki." Na mengine yatabaki! Hakuna hata aliyekuwa ameniuliza kuhusu kubaki.

Akaniachia kazi, akaenda shags, kijijini kwao Vihiga, kumzika shangazi yake. Shule ilikuwa likizo, kwa hiyo uwanja wote ulikuwa wangu na wa mtu wangu wa mkono, Otieno, jamaa mzima wa kijiji cha Raila hapo Kibera, mwenye nguvu za kubeba karai mbili za simiti kwa mpigo, tatizo lake tu ni kwamba wikendi yake huanza Alhamisi. Tukaanza na lango. Wacha niseme ukweli, hilo lango lilikuwa zuri. Nililiwekea tao na nguzo nene, nikachukua mpira wa plastiki, nikaupasua katikati, nikaumwagia simiti na kutengeneza mipira miwili ya kuweka juu ya nguzo kama kule kwa mabwana. Watu walisimama kupiga picha. Nilipomaliza nikageuka kuangalia rundo na rundo lilikuwa limebaki kama sahani baada ya harusi.

Hapo ndipo palipokuwa pa kupiga simu na kusema ukweli. Nilitoa simu mfukoni, nikatafuta jina la Mwalimu, nikalipata, na badala ya kubonyeza nikafungua ile video ya ukuta wa nyoka.

Kesho yake Otieno akanikuta nimepiga vigingi na kutandaza kamba kwenye mchanga.

"Boss, hii kamba imepinda."

"Haijapinda. Imezunguka."

"Nani ameizungusha?"

"Ni mimi."

Akaiangalia kamba, akaniangalia. Nikamweleza habari za upepo, unene wa tofali moja, mpindo kushika mpindo, bustani za Uingereza. Alisikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Sawa, hiyo ni Uingereza. Na huku?" Nikamwambia akoroge simiti.

Kuna jambo moja ambalo yule mtu wa video hakulitaja, kwa sababu kwake halikuwa na maana. Ukuta unaopinda unakula ardhi. Bwana mwenye shamba linaloisha mahali jua linapozama hawezi kujali kama ukuta wake umeyumba hatua moja huku na hatua moja kule. Lakini Kawangware! Sikuweza kuingia kwa Mama Njeri hata inchi, kwa hiyo ukuta wote niliuweka ndani ya ploti ya Mwalimu, ule upande uliovimba ukigusa mpaka, na kila ulipoingia ndani ukaacha shimo, kachumba kadogo kazuri ka mviringo, ambako ni ardhi ya Mwalimu lakini ukitaka kufika huko lazima upitie kwa Mama Njeri. Mimi nikijenga niliona mipindo tu. Mama Njeri aliona vyumba.

Mwanzoni alinicheka na wateja wake. "Fundi, hiyo ukuta inaenda wapi?" "Imelewa, iacheni ilale." Mtaa mzima ukaubatiza jina, ukaitwa ukuta wa keg, keg ikiwa ile bia ya mapipa ambayo watu wa mjengo wanajulikana nayo. (Sijawahi kuonja pombe maishani. Hata sharubati ikikaa sana siinywi.) Lakini siku zilivyosonga Mama Njeri akaacha kucheka, na nikaona kwenye shimo la kwanza kumewekwa gunia la makaa, la pili magunia ya udongo yenye sukuma wiki, la tatu kuku. Nilimwona akipima la nne kwa hatua zake. Nikajiambia hayo ni mambo ya majirani, mimi ni mwashi.

Sasa sikilizeni vile nilivyozidisha. Baba yake Zuhura, Mzee Ramadhani, ni fundi wa kushona kanzu pale Makina, mtu wa maneno machache, anayeweza kukwambia mkono wako mmoja ni mrefu kuliko mwingine hata kabla hujavua koti. Posa yangu ilikuwa mezani kwake muda mrefu na jibu lake lilikuwa lile lile, bado natafakari. Alikuwa amemwambia Zuhura kwamba hajui kama mimi ni fundi au ni mtu wa kushikilia mwiko. Mwalimu aliponipigia kusema anarudi Jumamosi na moja kwa moja atakuwa na mkutano wa wazazi, nikaona hiyo ni bahati. Nikamwalika Mzee aje Jumamosi hiyo hiyo aone kazi yangu, asikie sifa kutoka kwa mdomo wa mwenye kazi.

Jumamosi niliamka bila hamu ya chai. Kipande cha mwisho cha ukuta tulikuwa tumekimaliza jioni ya Ijumaa, simiti bado mbichi, na kamba ilikuwa bado imetandazwa kwenye vigingi kandokando yake. Otieno akafika akinuka Ijumaa yake yote. Nikamwambia asimame mbali na mimi, akasema sawa boss, akaja akasimama kando yangu.

Mwalimu alifika na begi lake la safari, wazazi nyuma yake, akasimama mbele ya lango. Akaweka begi chini. "Ai, Fundi! Hii si lango, hii ni ubalozi!" Wazazi wakapiga makofi. Mama mmoja akagusa matofali kwa kiganja. Nikaangalia barabarani kama Mzee Ramadhani anakuja ili asikose hiyo sehemu, hakuwa amefika, na Mwalimu akapita chini ya tao akaingia ndani.

"Fundi," akaniita, taratibu. "Ukuta umefanya nini?"

Nikaanza kumweleza habari za upepo. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amepanda kwenye benchi la watoto, anachungulia upande wa pili. "Na huyo kuku anafanya nini kwa ploti yangu?"

Mama Njeri akatokea na mwiko wa githeri mkononi, mtulivu kabisa. "Ploti yako iko huko ndani ya ukuta, Mwalimu. Si ulisema unataka ukuta uwe mpaka? Huo ndio mpaka. Mimi sikuujenga."

Hapo ndipo kelele zilipoanza, na Kawangware Jumamosi asubuhi kelele haikosi watu. Wakaingia kwa lango langu zuri, mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Wengine wakasema Mama Njeri ana haki, wengine wakasema Mwalimu ameibiwa, na wote pamoja wakakubaliana jambo moja, kwamba fundi alikuwa amelewa. Mzee wa Nyumba Kumi, huyo anayesuluhisha kesi za mtaa, jina lake Njogu, akaitwa. Akaja, akautazama ukuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, kichwa chake kikienda kushoto na kulia kama mtu anayeangalia mchezo wa tenisi, kisha akanisogelea kunusa hewa. Kando yangu, mnakumbuka, alikuwa amesimama Otieno.

"Huyu amekunywa," Njogu akatangaza.

"Mzee, mimi ni Mwislamu."

"Sijauliza dini. Kama hujalewa, tembea kwa hiyo kamba yako. Mguu mbele ya mguu."

Ningeweza kukataa. Nimefikiria sana baadaye na ni kweli, ningeweza kusema hapana na kwenda nyumbani. Lakini watu walikuwa wameshaacha nafasi, simu zimeinuliwa, na mimi nikaona kwamba kutembea ni kitu rahisi, nimekuwa nikitembea tangu utotoni. Nikaweka mguu wa kwanza. Wa pili. Ilikuwa inaenda vizuri. Nikainua mguu mwingine na wakati huo huo nikasikia kutoka chini ya tao sauti niliyoijua, tulivu, ikisema, "Asalaam aleikum."

Nikageuka kujibu salamu. Nilikuwa na mguu mmoja hewani na mwingine ukashikwa na kamba, kigingi kikachomoka, nikayumba kuelekea kwenye ukuta, nikaukumbatia. Kile kipande cha jana. Simiti mbichi haina urafiki. Ukuta ulinikubali kidogo, ukatulia kama unaofikiria, halafu tukaenda nao pamoja mpaka kwa Mama Njeri, matofali yakanitangulia, mimi nikafuata, karai la simiti ya kumalizia likamwagika juu yangu, na kuku wakatoka kila mmoja na njia yake. Watu walipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Kangemi. Hakuna aliyeumia, hata kuku. Mimi nilichubuka goti.

Nikainuka. Mzee Ramadhani alikuwa anakuja, na watu wakampisha kwa sababu ya kanzu na ndevu, labda walidhani ni shehe. Alifika mbele yangu na hakunipa mkono.

"Fungua mdomo."

"Mzee..."

"Fungua."

Nikafungua. Akainama, pua yake karibu na mdomo wangu, akanusa. Akanusa tena, polepole, kama anavyonusa kitambaa kujua kama ni pamba. Mzee akanyooka, akawageukia watu.

"Hajalewa."

Wakasikitika, hiyo niliiona. Kisha akanigeukia mimi, na akasema kwa sauti ile ile, "Ningependa ungekuwa umelewa. Mlevi akilala anaamka mzima. Sasa wewe, na akili zako zote, ulikuwa unafikiria nini?"

Nilianza tena habari za upepo na bustani za mabwana wa Uingereza, nikachora mpindo mchangani kwa kidole, na walioelewa wakazidi kucheka. Mzee peke yake ndiye hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia ukuta uliobaki, akausukuma kwa kiganja, akausukuma kwa bega. Haukutikisika. "Ni kweli unasimama," akasema. "Na hivi vipande vya ardhi vilivyobaki upande wa pili, ulimuuliza nani?" Mwalimu akasema, "Hakuniuliza mimi," na hiyo ndiyo mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilitoka kama ya mtu anayetaka kulia, kwa sababu ametoka kuzika, amechoka, na alichotaka ni ukuta. Kelele zote za watu hazikuniuma kama hiyo sentensi.

Tulirudi Makina kwa miguu mimi na Mzee, yeye mbele kidogo, kanzu yake nyeupe, mimi nyuma nikiwa nimekauka simiti kama sanamu. Tukavuka Ngong Road.

"Lile lango ni zuri," akasema.

"Asante, Mzee."

Tukatembea tena.

"Kwa nini hukumwambia mama wa watu kwamba matofali hayatoshi?"

"Niliona aibu."

"Na leo?"

Hakungoja jibu. Tulipofika Makina Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, video ilikuwa imetutangulia. Hakunicheka hapo, aliniletea maji ya kuoga. Alicheka nikiwa bafuni, nilimsikia, akicheka na mama yake mpaka wakakohoa.

Jumatatu nilirudi Kawangware. Nilibomoa mipindo yote, nikasafisha matofali moja moja, nikajenga upya ukuta ulionyooka na nguzo zake, hadi matofali yakaisha mahali nilipojua tangu mwanzo kwamba yataisha, na sehemu iliyobaki ni mabati hadi leo. Jasho hilo lilikuwa juu yangu, bila malipo. Mwalimu alinisamehe nusu, nusu nyingine anaitumia akikutana nami mbele ya watu. Mama Njeri hajanisamehe hata kidogo, anasema nilimpa vyumba nikamnyang'anya. Otieno aliulizwa na kila mtu kama nilikuwa nimelewa na akawajibu wote kwa uaminifu kwamba hapana, mimi huwa hivyo tu. Na Mzee Ramadhani, baada ya kutafakari tena kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, alikubali. Hakueleza kwa nini. Siku ya nikaha alinivalisha kanzu aliyoshona mwenyewe na akasema tu nisimame wima.

Kwa hiyo niliweka nadhiri, na naishika. Nikiitwa kwenye kazi naangalia vifaa, na kama havitoshi nasema havitoshi, papo hapo, kabla hata ya kukaribishwa chai. Juzi mama mmoja wa Raila aliniita nimjengee jiko la nje, nikaangalia mawe yake, nikamwambia, "Mama, haya hayatoshi." Akaniuliza nina uhakika gani. Nikamwambia nina uhakika. Akaniangalia kama mtu mwenye mkosi, kisha akampigia simu fundi mwingine hapo hapo nikiwa nimesimama, na nikamsikia huyo fundi kwenye simu akimwambia yatatosha, na mengine yatabaki.

Nikachukua mfuko wangu nikaenda zangu.